Mahindi ya Igowole na mgeni asiyekula ngano

Magunia yanayopakiwa Igowole, wilayani Mufindi, ni ya mahindi, maharage na viazi mviringo. Unga wa ngano unakuja kutoka upande wa pili. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini hushushwa melini, husagwa viwandani, kisha hupanda barabara kuu ya Mbeya, hukata kona Nyololo na kufika madukani Igowole tayari kwa maandazi na chapati. Ndiyo maana vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano duniani mwaka 2022, bei hiyo iliwagusa wauza vitafunwa kuliko walaji wa ugali.

Mpangilio huo una faida ambayo wafanyabiashara wa Nyanda za Juu Kusini bado hawajaitia bei. Kuna ugonjwa uitwao siliaki, ambao humfanya mtu adhurike utumbo kila anapokula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Unakadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila mia duniani. Hauna dawa, tiba yake ni kuacha nafaka hizo maisha yote. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, aliishuku ngano tangu miaka ya 1930. Njaa ya mwaka 1944 na 1945 ilipoufanya mkate uadimike nchini mwake, ushahidi wake ulipata nguvu.

Leo ugonjwa huo una soko lake. Mkate usio na gluteni huko Ulaya mara nyingi huuzwa mara mbili ya bei ya mkate wa kawaida, au zaidi. Italia imefika mbali: serikali huwapa wagonjwa posho ya mwezi ya kununulia vyakula hivyo, na kwa kijana wa kiume kiwango kilichowekwa mwaka 2018 kilifika euro 124. Ukisoma orodha ya viungo kwenye pakiti hizo utakuta unga wa mahindi, unga wa mchele na wanga wa viazi. Ni mazao yale yale yanayojaza magunia Igowole, Kyela na Njombe.

Mgonjwa wa siliaki akisafiri kuja huku, ndani ya ndege ana uhakika kidogo: akiwahi kuagiza, hutengewa mlo wenye alama GFML. Akishuka uwanja wa Songwe aende Mbeya, au akipita Iringa kuelekea Ruaha na vilima vya chai vya Mufindi, uhakika huo unabaki uwanjani. Kuanzia hapo anamtegemea mpishi. Na mpishi wa huku, bila kujua, ana karibu kila kitu ambacho mgeni huyo anakihitaji: ugali, maharage, mboga za majani, kande, ndizi za Tukuyu, wali wa mchele wa Kyela, vitumbua vilivyopikwa kwa mchele mtupu. Hata ulanzi, pombe ya mianzi, hauna neno kwa upande wa gluteni, ingawa una mambo yake mengine.

Hatari iko kwenye vitu vya pembeni. Chips zikikaangwa kwenye mafuta ya maandazi, zimeharibika kwa mgeni huyu. Soseji mara nyingi huongezwa unga wa ngano, mchuzi wa soya wa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano, na bia nyingi ni za kimea cha shayiri. Mtego mkubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni uji wa lishe. Unasifiwa kuwa chakula cha afya, mwenye hoteli anautoa asubuhi kwa fahari, na ndani yake wengi huchanganya ngano pamoja na ulezi, soya, karanga na mahindi.

Uji huo unatufikisha kwenye mashine ya kusaga, na hapo ndipo pesa ilipo. Kanuni za kimataifa za vyakula, Codex, zinaruhusu bidhaa iitwe isiyo na gluteni endapo haizidishi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Unga wa ngano una gluteni takriban asilimia 10 ya uzito wake. Piga hesabu: gunia la kilo 100 za unga wa mahindi litafikia ukomo huo likiingiwa na gramu 20 tu za unga wa ngano, vijiko viwili au vitatu vya mezani. Kiasi hicho hubaki kwa urahisi kwenye chekeche na mfuko wa mashine baada ya mteja mmoja kusaga mchanganyiko wake wa lishe. Kwa hiyo mahindi safi kabisa shambani yanaweza kutoka mashineni yakiwa sumu kwa mtu huyu, na hakuna jicho litakaloona tofauti.

Wafanyabiashara wa mahindi wana uzoefu wa jambo hili, kwa jina lingine. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio halikudumu, lakini liliwaonyesha wengi kwamba gunia zuri lisilo na cheti cha maabara linaweza kukwama mpakani. Ethiopia nayo ilionja upande mwingine. Kampuni ya Uholanzi ilipata mwaka 2007 hataza ya Ulaya juu ya bidhaa za unga wa tefu, nafaka ya Waethiopia isiyo na gluteni, na ikachukua miaka zaidi ya 10 kabla mahakama ya The Hague kuibatilisha nchini Uholanzi. Wakulima walikuwa na nafaka. Karatasi zilikuwa kwa wengine.

Sishauri mtu wa Igowole aanze kuota kontena la kwenda Milano. Vipimo na vyeti vya soko hilo vinahitaji mtaji na wingi ambao mashine moja haina. Soko la kuanzia ni nyumba za wageni na kambi za watalii kati ya Iringa na Mbeya: unga wa mahindi na wa ulezi, uliosagwa kwenye mashine isiyogusa ngano, kwenye pakiti ndogo yenye tarehe na jina la msagaji. Mjasiriamali mdogo anaweza kuanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kisha aombe alama ya ubora kwa shirika la viwango, TBS, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula.

Mwenye mashine moja asiye na uwezo wa kununua ya pili atenge siku ya ngano na lishe, afungue mashine na kuisafisha, halafu asage kilo kadhaa za mahindi za kupitisha kabla ya kujaza pakiti, na apeleke sampuli maabara kabla ya kuandika lolote juu ya gluteni. Gharama ya kipimo aigawane na hoteli zinazonunua. Kilo za kupitisha zina walaji wake Mufindi: nguruwe hawaulizi kilichosagwa jana.