Soma Birika Kabla ya Kununua Samaki

Samaki wa kwanza ambaye mgeni wa ufugaji wa mapambo hutamani ni neoni. Ana urefu wa sentimita 3 hadi 4, mstari wa buluu unaong'aa ubavuni na wekundu kuanzia katikati ya mwili hadi mkiani. Ni mpole, hamgusi mwenzake, na kundi la neoni kumi likikatiza kwenye mimea mibichi linapendeza kweli. Muuzaji atakuambia bei yake na chakula chake. Kuhusu maji yatokayo bombani kwako, mara nyingi hatauliza.

Asili ya neoni ni vijito vya Amazon ya juu, huko Peru, Kolombia na Brazili. Katika vijito vingi maji yamepita kwenye majani yaliyooza msituni hadi yakawa kama chai ya rangi: yana asidi kidogo na hayana chokaa karibu hata chembe. Sasa chukua maji ya kisima cha Unguja au Mombasa, yaliyokaa ndani ya miamba ya matumbawe. Tazama ndani ya birika lako la kuchemshia. Kama lina ukoko mweupe na sabuni haitoi povu upesi, hayo ni maji magumu. Neoni hatakufa siku hiyo hiyo. Wengi wanaouzwa leo wamezalishwa mashambani, na ni wavumilivu kuliko wa porini. Lakini maji magumu yakichanganyika na joto, hudhoofika na magonjwa humpata kirahisi.

Joto nalo si la kupuuza. Neoni hujisikia vizuri kati ya nyuzi 21 na 26, ilhali sebule ya Dar es Salaam mwezi Februari huzidi 30 mchana, na maji kadiri yanavyopata moto ndivyo yanavyoshika oksijeni kidogo. Mfugaji wa Nairobi ana shida tofauti: usiku wa Julai atahitaji hita, ila akipata maji laini ya mtoni kutoka milimani, neoni watamfaa.

Kwa wa pwani, ushauri wangu ni gapi au plati. Hawa maji magumu ndiyo wanayoyapenda, na rangi zao hazina haja ya kuonea wivu neoni. Na ukishawishiwa mbuna wa Ziwa Nyasa kwa sababu ni wa kwetu, kataa, angalau kwa tangi hili. Ni wazuri mno, lakini wana ubabe wa kulinda eneo na watawasumbua wadogo mpaka wajifiche.

Samaki wakishachaguliwa, bado wasiingie. Kinyesi chao na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye kichujio na changarawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha. Tangi jipya lililojazwa samaki siku ya kwanza ndilo linaloua, na mwenye duka ndiye hulaumiwa.

Hapa mimea inakusaidia kuliko unavyodhani, kwa sababu hufyonza amonia moja kwa moja. Anza na anubiasi, mmea wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, usiotaka mwanga mkali. Una shina nene linalolala, na hilo usilizike kwenye changarawe maana litaoza. Lifunge kwa uzi juu ya kipande cha gogo, mizizi itajishikiza yenyewe. Taa zisizidi saa 8 kwa siku, la sivyo mwani utafunika majani.

Kila wiki toa robo ya maji na urudishe mapya. Ya bombani yenye klorini yaache usiku kucha kwenye ndoo isiyofunikwa. Kichujio usikisugue kwa maji ya bomba, kisuuze katika maji uliyoyatoa tangini, usije ukawaosha bakteria wote.

Neno la mwisho kwa anayechukua gapi: hawa huzaa hai, tena kila mwezi, na jike aliyekwisha kutana na dume huhifadhi mbegu na kuendelea kuzaa akiwa peke yake. Kama huna mpango na vifaranga, nunua madume tu. Ndio wenye mikia ya rangi, kwa hiyo hutakosa kitu.