MASHINI ISIYOSAHAU



Hapa Kituku kila mtu anajua delestaji. Mwisho wa Januari 2025, wakati wa mapigano, umeme na maji vilikatika Goma. Watu wengi wakashuka ziwani na bidoni zao. Pompi bila umeme ni chuma tu. Lakini umeme ukirudi, nani anaikumbusha kazi yake?

Pompi nyingi za kisasa zinaongozwa na kompyuta ndogo sana inayoitwa prosesa ya ishara. Kila sekunde inapima mara maelfu umeme unaoingia katika mota, na kurekebisha mwendo wake. Inafuata programu, yaani amri zilizoandikwa. Amri hizo zinakaa wapi?

Tufikiri darasa letu. Tablo ni ya haraka, lakini jioni inafutwa. Kaye inabaki. Prosesa nayo iko na vyote viwili. Ramu ni tablo: umeme ukienda, yote yamefutika. Flashi ni kaye: chaji za umeme zimefungwa juu ya vijisiwa vidogo vilivyozungukwa na kitu kisichopitisha umeme, zinakaa humo miaka mingi. Fujio Masuoka wa kampuni Toshiba, Japani, aliieleza flashi mbele ya wataalamu mwaka 1984. Leo prosesa TMS320F2812 ya Texas Instruments, kwa mfano, iko na flashi ya maneno 131,072, kila neno biti 16. Na kwa kuwa flashi inasomwa polepole kuliko ramu, amri za haraka sana zinanakiliwa kwanza katika ramu, kama mwalimu anayetoa somo katika kaye na kuliandika tabloni.

Lakini tuangalie! Ili kubadilisha programu, lazima kufuta kwanza sehemu ya flashi, kisha kuandika upya. Umeme ukikatika hapo katikati, somo la zamani limefutwa na jipya halijaisha: mota haizunguki tena. Kwa bahati, ndani ya prosesa hiyo mna programu nyingine fupi isiyofutika, ambayo fundi anaweza kuipitia kuingiza amri upya. Hata hivyo, fundi mwenye akili anatayarisha betri kabla ya kufuta, tena anatunza kopi.

Sisi wa mwaka wa sita tunajiuliza vilevile: yale tuliyofundishwa, tumeyaacha tabloni ao tumeyaandika moyoni? Siku ya mtihani, tablo itakuwa tupu.