Lethi inatetemeka? Usikimbilie kuilaumu mota!

Leo tuongee na mafundi seremala, pamoja na vijana wanaojifunza kazi kwenye karakana, maana hili tatizo linakula hela za watu bure.

Tangu serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, nyumba zimeota kama uyoga Iyumbu, Nzuguni na Ihumwa. Nyumba ikiisha inataka vitanda, meza na nguzo za ngazi. Ile miguu ya duara yenye nakshi inatoka kwenye mashine ya kukereza mbao, ambayo wengi mtaani tunaiita lethi. Sasa siku lethi ikianza kuunguruma na kutetemeka mpaka patasi inaruka mkononi, jibu la haraka ni moja: "Mota imekwisha, ikasukwe upya." Unalipa, unarudi, unafunga, unawasha... kelele ile ile! Na oda ya mteja imeshachelewa.

Kabla ya kufungua mota, fanya vipimo vitatu. Havina gharama, ila kila unapogusa kitu hakikisha umezima na kuchomoa plagi.

1. TOA MTI. Washa mashine tupu. Kama imetulia, ubaya uko kwenye kipande cha mti au jinsi ulivyokifunga.

2. TOA MKANDA. Kama tupu bado inatetemeka, ondoa mkanda na uwashe mota peke yake. Ikizunguka kwa utulivu, mota haina kosa. Tafuta kwenye mkanda, puli au beringi za shafti inayozungusha mti.

3. KATA UMEME, USIKILIZE. Kama mota peke yake bado inapiga kelele, iache ifikie kasi kamili kisha zima. Kelele ikikatika papo hapo wakati mota bado inazunguka, chanzo ni umeme. Ikiendelea na kupungua taratibu pamoja na mwendo, chanzo ni chuma: beringi, puli, feni ya mota au nati zilizolegea.

Tuanze na mti. Kipande kikilemea upande mmoja, kinavuta mashine kila mzunguko. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu ya kuvuta inaongezeka mara nne. Ndiyo maana gogo lililotulia kwenye kasi ndogo linaanza kurusha mashine ukihamisha mkanda. Kuna hesabu ya mafundi: zidisha kipenyo cha mti kwa inchi na mizunguko kwa dakika, jibu likae kati ya 6,000 na 9,000. Mguu wa meza wa inchi 4 unataka mizunguko 1,500 hadi 2,250. Bakuli la inchi 10 linataka 600 hadi 900 tu. Gogo ambalo bado halijawa duara, anza chini zaidi ya hapo.

Mkanda nao una visa vyake. Ukikaa miezi bila kazi unashika umbo la puli, ukiwasha unagonga "du-du-du". Uangalie kama umepasuka au umekakamaa. Kisha weka rula ndefu iliyonyooka ubavuni mwa puli zote mbili: zisipokuwa kwenye mstari mmoja, mkanda unalia na kulika upande. Tikisa puli kwa mkono pia. Skrubu yake ikilegea, inagonga kama beringi mbovu na kukudanganya.

Beringi yenyewe unaijua kwa mkono. Mkanda ukiwa nje, zungusha shafti polepole. Ukihisi kama kuna mchanga ndani, au shafti inacheza juu na chini, imekwisha. Soma namba yake kabla ya kwenda dukani. Kwa mfano 6203 ni shafti ya milimita 17, kipenyo cha nje 40, unene 12. Kwa vumbi letu la kiangazi likichanganyika na unga wa mbao, omba yenye alama 2RS, yaani imezibwa kwa mpira pande zote mbili. Ya wazi haitadumu. Ukiifunga kwenye shafti, gonga pete ya ndani kwa kipande cha bomba. Ukigonga ya nje umeiua kabla haijaanza kazi.

Kwa upande wa umeme, mota ya njia moja ikivuma bila kuanza kuzunguka, mara nyingi ni kapasita, au swichi ya ndani ya kuanzishia imejaa vumbi. Angalizo: kapasita inaweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa nje, mwachie fundi umeme. Mota ya njia tatu ikivuma kwa nguvu na kuchemka, huenda njia moja imekatika. Zima mara moja, maana hapo ndipo inapoungua kweli! Waya mwembamba wa kuunga kutoka mbali nao unaifanya mota ikose nguvu na kupata joto.

Kusuka upya kuna wakati wake: koili zimekuwa nyeusi, zinanuka kuungua, au vipimo vya fundi vinaonyesha zimegusana.

La mwisho, usizoee mtetemo. Mti unaorushwa na mashine unaweza kuua. Vaa kinga ya uso, funga mikono ya shati, na unapowasha usisimame mbele ya mti.

Ukimpelekea fundi mota, mwambie vipimo vyote vitatu vilitoa nini. Atajua huyu hadanganyiki.

Nawasilisha. Mwenye uzoefu zaidi aongezee hapo chini.