USILIPIE "AINA YA MWILI" WAKO

Mwenzetu mmoja wa Bwera, dereva anayekaa kwenye usukani kutwa, ameniuliza: alipe fedha aambiwe "aina ya mwili" wake ili apunguze unene? Jibu langu ni hili.

Fundisho hilo lilianzia Marekani, miaka ya 1960, kwa daktari wa meno William Kelley. Mwaka 2000 William Wolcott alilieneza kwa kitabu. Wanasema watu ni aina tatu: wa kwanza ale zaidi nyama na mafuta, wa pili nafaka na mboga, wa tatu achanganye. Unajibu maswali, unapewa aina yako.

Chuo Kikuu cha Stanford kilipima jambo la karibu na hilo, ingawa si kwa maswali hayo. Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Watu 609 walifuatwa miezi 12: kundi moja lilipunguza mafuta, la pili vyakula vya wanga. Makundi yote mawili yalipungua, kwa wastani kilo 5 hadi 6 kila mtu. Miili yao ilikuwa imepimwa, lakini vipimo havikuonyesha nani anafaa chakula kipi.

Basi, ndugu, kinachopunguza unene ni kula kidogo kuliko ulivyozoea, na kuendelea hivyo. Punguza bonge la bundu, sukari ya chai, mafuta ya kukaangia na pombe. Maharage, samaki na sombe vibaki. Mwenye kisukari aonane kwanza na daktari.

Fedha hiyo ilipe karo ya watoto.