Tarakimu 77 zinazolinda bei ya kahawa

Kahawa inapokaribia kuiva, mkulima wa Nkwenda wilayani Kyerwa humwandikia nduguye wa Kayanga, Karagwe, kwa WhatsApp kumuuliza bei ya kahawa ya maganda, kabla walanguzi wa butura, wanaonunua kahawa ikiwa bado shambani, hawajambana. Hakuna anayeweza kuusoma ujumbe huo ukiwa njiani. Ulinzi wake umejengwa juu ya namba tasa moja: 2 kwa kipeo cha 255, toa 19. Ukiiandika yote ina tarakimu 77, ikianza na 57896 na kuishia na 19949. Aliyeichagua ni mwanahisabati Daniel Bernstein, katika kazi aliyoichapisha mwaka 2006.

Kwa nini iwe tasa? Katika hesabu hizi simu hugawanya kila jawabu kwa namba hiyo na kubakiza baki tu. Tujaribu kwa namba ndogo. Tukigawanya kwa 6, 2 mara 3 inabakiza 0: namba mbili zisizo sifuri zimezaa sifuri. Tena, zidisha 2 kwa namba yoyote, baki litakuwa 0, 2 au 4, kamwe si 1. Tukigawanya kwa 7, ambayo ni tasa, 3 mara 5 ni 15, baki 1. Hapo 3 na 5 ni wenza, na kila namba isiyo sifuri ina mwenza wake. Kugawanya kwa 3 kunakuwa kuzidisha kwa 5, na hesabu haikwami popote.

Mwenza huyo hatafutwi kwa kubahatisha. Kanuni yake inatokana na ile aliyoieleza Mfaransa Pierre de Fermat mwaka 1640: pandisha namba kwa kipeo kilicho pungufu ya ile namba tasa kwa 2. Kwa 7, kipeo ni 5. 3 kwa kipeo cha 5 ni 243, na 243 ukiigawanya kwa 7 inabaki 5. Kanuni hiyohiyo inafanya kazi kwenye tarakimu 77, na kwangu huo ndio uzuri mkubwa wa somo hili.

Ile 19 nayo ina kazi. Kugawanya kwa namba ndefu namna hii kungeichosha simu ya bei nafuu. Lakini 2 kwa kipeo cha 255 inabakiza 19, kwa hiyo simu huchukua sehemu ya juu ya jawabu, huizidisha kwa 19, kisha huijumlisha na sehemu ya chini. Na 19 isingeweza kuwa ndogo zaidi: hakuna namba tasa nyingine kati ya namba yetu na 2 kwa kipeo cha 255.

Juu ya msingi huo kila simu huficha namba yake ya siri inayolinda ujumbe. Mtu wa nje anayetaka kuifichua, kwa njia bora inayojulikana kwenye kompyuta za kawaida, anahitaji hatua zinazokaribia 2 kwa kipeo cha 126.

Walimu wa hisabati wa Karagwe na Kyerwa, mkifika kwenye namba tasa, wapeni wanafunzi jedwali la kuzidisha la baki za 7 walijaze wenyewe, kisha waambieni namba hizi zinafanya kazi gani ndani ya simu za wazazi wao.