Mwenye Duka Naye Ana Haki ya Kushauriwa

Kwa muda mrefu yamejengeka mazoea katika nchi yetu ya kudhani kwamba msaada wa kisheria ni wa mjane aliyedhulumiwa mirathi, mkulima aliyeporwa shamba na mama aliyetelekezwa na mumewe. Hao wote wanastahili, na hakuna mwenye akili timamu atakayewaonea gere. Lakini yuko mnyonge mwingine asiyetajwa: mwenye duka la rejareja, mwenye mashine moja ya kusaga, mchuuzi wa samaki aliyemkopesha mali mteja mkubwa akazungushwa mwaka mzima. Huyu akidhulumiwa huambiwa, "Wewe ni mfanyabiashara, katafute wakili." Kauli hiyo sisi hatuikubali.

Tuchukue mfano wa machungwa ya Muheza, ambayo sifa zake zimevuka mpaka wa Horohoro. Mfanyabiashara mdogo wa hapo huzunguka mashambani, hukisia matunda yangali mtini, hupatana bei na mkulima na kutoa arubuni. Naye amekwisha kupatana na tajiri wa mjini atakayeleta lori. Lori likija, machungwa hupakiwa, tajiri hulipa nusu na kuahidi salio baada ya kuuza. Siku zikipita, simu haipokelewi. Ikipokelewa, jibu ni kwamba mzigo uliozea njiani. Wakati huo mkulima anadai, wachumaji wanadai, wapakizi wanadai, na wote wanamjua mtu mmoja tu, yule jirani yao. Mtaji uliojengwa kwa miaka kumi huteketea katika msimu mmoja, na pamoja nao jina la mtu.

Je, mtu huyu hana haki kwa sababu hakuandikiana? La. Sheria yetu ya Mikataba, ambayo asili yake ni sheria ya India ya 1872, inayatambua hata mapatano ya mdomo. Katika mauzo ya bidhaa, arubuni iliyotolewa au mali iliyokwisha kupokelewa huyapa mapatano nguvu ya kudaiwa mahakamani. Taabu iko kwenye ushahidi. Ni nani alisikia bei? Magunia yalihesabiwa na nani? Zile fedha zilizotumwa kwa simu zilikuwa malipo ya mzigo upi?

Waliopita chuoni wanafahamu kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, ya 282 katika Sura ya Baqara, inahusu deni: liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Ni ajabu kwamba watu wanaoikariri aya hiyo kwa tajwidi nzuri ndio hao hao wanaokopeshana mamilioni sokoni kwa kupeana mikono, na anayetoa karatasi huonekana hana imani na ndugu yake. Na hata yule aliyeandika anaweza kukwama, kwa kuwa hati ambayo ilipaswa kulipiwa ushuru wa stempu na haikulipiwa huweza kukataliwa isipokewe kuwa kielelezo. Mwingine husubiri kwa staha hadi miaka 6 ipite tangu mkataba uvunjwe, kisha akaambiwa mlangoni mwa mahakama kwamba muda wa kudai umekwisha. Mambo haya mwanasheria angeyaeleza kwa nusu saa, kabla ya lori kuondoka.

Kwa kukosa nusu saa hiyo, wengi hukimbilia kituo cha polisi. Hapo deni hugeuzwa jinai, mdaiwa huwekwa ndani, ndugu zake huchangishana, na mdai hurudi nyumbani akidhani amepata haki. Wakati mwingine hupata fedha zake, hilo hatulikatai. Lakini kazi ya polisi si kukusanya madeni, na leo aliyemfungisha mwenzake kesho atafungishwa yeye na mwenye mkono mrefu zaidi. Hatuwezi kujenga biashara ya taifa juu ya msingi wa mahabusu.

Njia iliyo wazi ni mahakama, na kwa madai madogo ni Mahakama ya Mwanzo, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kawaida tangu zamani. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama kwa ujumla, na tunayapongeza kwa dhati. Lakini mwaka huo huo yalifanyika mabadiliko mengine ambayo hayakuzungumzwa sana sokoni. Zamani wakili hakuruhusiwa kusimama katika Mahakama ya Mwanzo. Mdai na mdaiwa walikuwa sawa mbele ya hakimu, kila mmoja na mdomo wake. Sasa mawakili wanaruhusiwa mahali anapokaa hakimu mkazi. Nia ilikuwa njema, kwa maana mtu asinyimwe mtetezi. Lakini yule tajiri wa lori atakuja na wakili mwenye pingamizi la awali mkononi, na mwenzake atakuja na daftari la madeni lililoloa mvua.

Tujiulize basi: msaada wa kisheria uko wapi? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtazama mtu ambaye uwezo wake hautoshi kumweka wakili. Haikusema kwamba akiwa na meza sokoni ametoka katika kundi hilo. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanzishwa 2023, imewafikia wananchi wengi, na mkazo wake umekuwa ardhi, mirathi, ndoa na ukatili. Deni la biashara limebaki nyuma. Sisi tunaamini sababu ni ya kihistoria. Chama chetu kilipokuwa kikipambana na walanguzi, hasa katika msako wa wahujumu uchumi wa 1983, neno mfanyabiashara lilinuka. Walanguzi walikuwapo kweli, nao waliwaumiza watu. Lakini harufu hiyo imebaki katika vichwa vya watendaji wengine hata mbele ya kijana anayeuza nyanya kwa mkopo, mtu ambaye leo ndiye mvuja jasho halisi.

Wenzetu wa Kenya, ambako machungwa yetu mengi huishia, wametunga sheria ya mahakama za madai madogo tangu 2016, na ya kwanza ilianza kazi Nairobi mwaka 2021. Dai lisizidi shilingi milioni moja za huko, shauri limalizike ndani ya siku 60, na mtu aweza kujisemea mwenyewe au kuwakilishwa na mtu mwingine asiye wakili. Si kila kitu cha jirani ni cha kuiga, na mahakama hizo nazo zina msongamano wake. Lakini wazo la kumwekea mdai mdogo ukomo wa siku ni wazo la watu wanaoelewa kwamba mtaji mdogo haungojei.

Kwetu hapana haja ya kuanza na mahakama mpya. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya 2017 wapo. Hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani wala kutoza ada, lakini kuandaa barua ya madai, kueleza ukomo wa muda na kumwonyesha mtu namna ya kufungua shauri wanaweza. Wapewe chumba sokoni, siku moja kwa juma, badala ya kungojewa katika ofisi ambazo mchuuzi hazijui. Mawakili wa mkoa huu wajitolee pia pale hukumu inapokwisha kutolewa, maana wengi hushinda kisha wakashindwa kukaza hukumu, mdaiwa akawa amekwisha kuhamisha mali. Na afisa biashara wa halmashauri anapompa mtu leseni, ampe pamoja nayo fomu moja ya mauzo ya mkopo kwa Kiswahili chepesi: mali gani, kiasi gani, bei gani, italipwa lini, mashahidi ni akina nani. Fomu hiyo ichapwe na kusambazwa kabla ya msimu ujao wa machungwa, na Muheza iwe wilaya ya kwanza kuipokea.