Land Rover la Zamani: Tulitayarishe Kabla ya Rangi

Sehemu nyingi za nchi yetu bado tunayaona magari ya Land Rover ya zamani. Yanabeba mahindi, yanabeba wagonjwa, na kwenye matope hayakati tamaa. Mwaka 2024 yalikusanyika kwa wingi mjini Arusha katika tamasha lao. Mwenye gari kama hilo hutamani kulipaka rangi mpya. Vizuri. Lakini rangi ni nguo tu. Mgonjwa ukimvika shati jipya, je, amepona? Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Gari hili lina metali mbili

Land Rover lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Wakati huo Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa haba. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu. Lakini chasisi, fremu za milango na ukuta ulio kati ya injini na abiria ni vya chuma.

Utajuaje ipi ni ipi? Chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu. Ikinata, hapo ni chuma. Isiponata, huenda ni aluminiamu, au ni fila nene ambayo fundi wa zamani aliijaza. Weka alama kwa chaki.

Chuma huota kutu nyekundu. Aluminiamu haioti kutu hiyo, bali hutoa unga mweupe, hasa pale inapogusana na chuma na maji yakaingia katikati. Unga huo ukipakwa rangi juu, rangi itavimba na kubanduka.

Hatua za kazi

1. Osha. Toa tope lote, hasa ndani ya madigadi na chini ya milango. Kisha futa mafuta na grisi kwa kitambaa chenye tina. Fanya hivyo kabla ya msasa, maana msasa huyasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Usitumie petroli, moto hauna mjomba.

2. Pima chasisi. Igonge polepole kwa nyundo, hasa nyuma na pale springi zinaposhikwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito au hubonyea. Kilichooza kikatwe, kichomelewe kipya. Tangi la mafuta litolewe kwanza. Kama fedha ni kidogo, zianzie hapa, siyo kwenye rangi. Chasisi ikikatika njiani, rangi nzuri haitaokoa abiria.

3. Ondoa kutu na unga. Kwenye chuma tumia brashi ya waya. Kwenye aluminiamu tumia msasa, maana brashi ya waya wa chuma huacha vipande vidogo vinavyoleta kuoza upya.

4. Nyoosha. Aluminiamu ni laini, hivyo igonge taratibu kwa nyundo ya mbao. Fila iwe nyembamba, na ipakwe juu ya metali safi, kamwe isiwe juu ya kutu.

5. Piga msasa. Namba ndogo, kama 80, ni msasa mkali. Namba kubwa, kama 320 au 400, ni laini. Anza na mkali, malizia na laini. Rangi ya zamani isugue kwa maji ili vumbi lisiruke. Fila isugue kavu, kwa sababu hunywa maji. Hapo funga barakoa. Mwisho pitisha kiganja. Mkono huona bonde ambalo jicho halioni.

6. Paka praima. Chuma kina praima yake ya kuzuia kutu. Aluminiamu ina yake ya kuing'ata. Ukipaka rangi moja kwa moja kwenye aluminiamu, itabanduka kama ganda la kitunguu.

Tahadhari

Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi. Vumbi lake huharibu ubongo wa watoto. Basi kazi ifanyike mbali na nyumba na kisima. Fundi anawe kabla ya kula, na nguo zake zifuliwe peke yake.

Kusoma kunasaidia

Ndugu, soma maandishi ya kopo: tina kiasi gani, ikauke saa ngapi, inapakwa juu ya metali gani. Ukishindwa, muulize muuzaji. Na mapatano yako na fundi yaandikwe: kazi gani, kwa siku ngapi, kwa bei gani. Mwambie pia usije ukaona rangi kabla hujaiona bodi ikiwa wazi.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini sumaku ni chombo muhimu katika kazi hii?
2. Fedha zikiwa chache, tuanze na nini? Kwa nini?
3. Katika kijiji chetu, vumbi la rangi ya zamani linaangukia wapi?